Mkataba wa Paris: Safari ya ahadi kutoka meza ya mazungumzo hadi kijijini

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Alhamisi ya tarehe 30 Novemba 2023, wajumbe wa nchi karibu 200 waliokutana Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, walipitisha uamuzi wa kuanzisha utendaji wa mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoendelea kukabiliana na hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi. Siku tatu baadaye, asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, na kufunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha na kaya nyingi zilibaki bila makazi. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai akihudhuria mkutano huo, alikatisha ziara yake na kurejea nyumbani.

Matukio hayo mawili, moja la furaha ya kidiplomasia na jingine la msiba wa taifa, yanaibua swali ambalo wananchi wengi hujiuliza wanaposikia taarifa za mikutano ya kimataifa: mkataba unaojadiliwa mbali unamfikiaje mwananchi? Kwa nini mfuko ulioidhinishwa Alhamisi haukuweza kutoa hata shilingi moja Jumapili? Jibu lake linahitaji kuelewa namna mikataba inavyozaliwa, inavyofunga nchi, na hatua zinazopitiwa kabla ahadi haijawa bomba la maji, ukuta wa kuzuia bahari au jiko safi la kupikia.

Kwa nini nchi hulazimika kukubaliana

Gesijoto hazina mpaka. Hewa ukaa inayotoka katika mtambo wa makaa ya mawe katika bara moja huchanganyika na ile inayotoka katika bara jingine, na athari zake huonekana pote. Bara la Afrika linachangia chini ya asilimia 4 ya gesijoto zinazozalishwa duniani, lakini ukame, mafuriko na kupanda kwa kina cha bahari haviulizi nani alichangia kiasi gani. Hivyo, hata kama Tanzania ingeacha kabisa kuzalisha gesijoto, bado isingeweza peke yake kuzuia mvua zilizopotea njia au bahari inayokula fukwe. Nchi yenye mchango mdogo katika tatizo ina njia moja ya kuzitaka nchi zenye mchango mkubwa zibadili mwenendo wake, nayo ni makubaliano yanayozihusu nchi zote.

Msingi wa makubaliano hayo ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi, uliopitishwa mwaka 1992 na kuanza kutumika tarehe 21 Machi 1994. Tanzania iliuridhia mwaka 1996. Mkataba huo uliweka kanuni ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya mazungumzo yote: nchi zote zina wajibu wa pamoja, lakini wajibu huo hutofautiana kwa kadiri ya uwezo wa kila nchi na mchango wake katika tatizo. Nchi zilizoendelea zilikubali kutangulia.

Mwaka 1997 ilipitishwa Itifaki ya Kyoto, iliyozitaka nchi zilizoendelea kupunguza gesijoto kwa viwango vilivyopangwa. Ilianza kutumika mwaka 2005, lakini ilikuwa na udhaifu mkubwa. Marekani ilisaini bila kuiridhia, na Kanada ilitangaza kujitoa mwaka 2011. Aidha, nchi zilizokuwa zikikua kwa kasi kiviwanda hazikuwa na viwango vya lazima. Itifaki ikabaki na masharti makali yanayozihusu nchi chache.

Pamoja na hayo, uzoefu wa mkataba mwingine unaonesha kuwa ushirikiano wa aina hii huweza kuzaa matunda. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, inayohusu kulinda tabaka la ozoni, imeridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa na imewezesha kuondolewa kwa sehemu kubwa kabisa ya kemikali zilizokuwa zikiliharibu tabaka hilo. Mwezi Oktoba 2016, nchi hizo zilikutana Kigali, Rwanda, na kuongeza marekebisho yanayolenga gesi za majokofu na viyoyozi zinazochangia kuongezeka kwa joto. Wanasayansi wanakadiria kuwa Marekebisho ya Kigali, yakitekelezwa kikamilifu, yanaweza kuepusha ongezeko la hadi nusu nyuzi moja ya joto ifikapo mwisho wa karne hii.

Kusaini si kuridhia

Mkataba wa Paris ulipitishwa tarehe 12 Desemba 2015. Lengo lake ni kuzuia wastani wa joto la dunia usiongezeke kufikia nyuzi 2 za Selsiasi juu ya kiwango cha kabla ya mapinduzi ya viwanda, na kufanya juhudi lisizidi nyuzi 1.5. Ili uanze kutumika, ulihitaji kuridhiwa na nchi zisizopungua 55 zinazozalisha kwa pamoja angalau asilimia 55 ya gesijoto duniani. Sharti hilo lilitimia haraka kuliko wengi walivyotarajia, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 4 Novemba 2016.

Katika taarifa za Serikali, maneno “kupitisha”, “kusaini” na “kuridhia” hutumika kwa maana tofauti. Kupitisha ni hatua ya wajumbe wa nchi zote kukubaliana juu ya maandishi ya mkataba. Kusaini ni nchi moja moja kuonesha nia ya kujiunga. Kuridhia ndiyo hatua inayoifanya nchi ifungwe kisheria.

Kwa Tanzania, hatua hiyo ya mwisho ni ya wawakilishi wa wananchi. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Tanzania ilisaini Mkataba wa Paris mwezi Aprili 2016 na kuuridhia mwaka 2018. Kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano, utekelezaji wa ndani hufanyika kwa sheria mbili: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kwa Tanzania Bara, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015. Mbele ya jumuiya ya kimataifa, hata hivyo, nchi huwasilisha ahadi moja.

Kinachofunga na kisichofunga

Tofauti kubwa kati ya Kyoto na Paris ni namna ahadi zinavyowekwa. Chini ya Mkataba wa Paris hakuna nchi inayopangiwa kiwango na nchi nyingine. Kila nchi hujipangia mchango wake, huuwasilisha, na kila baada ya miaka mitano hutakiwa kuleta mchango mpya wenye malengo makubwa zaidi.

Mchango wa Tanzania uliowasilishwa mwaka 2021 unalenga kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, sawa na tani milioni 138 hadi 153, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua zozote kuchukuliwa. Kipengele hicho cha mwisho ni muhimu. Hakisemi kuwa viwanda, barabara na umeme visiongezeke. Kinasema kuwa uchumi ukue, lakini kwa njia inayozalisha gesijoto chache kuliko ambavyo ingekuwa endapo mambo yangeachwa yaendelee yalivyo. Utekelezaji wake, kama ilivyo kwa nchi nyingi zinazoendelea, unategemea pia msaada wa fedha na teknolojia kutoka nje.

Ni nini basi kinachoilazimisha nchi? Sheria ya kimataifa inailazimisha kuwasilisha mchango, kuchukua hatua za ndani zenye nia ya kuutimiza, na kutoa taarifa za utekelezaji. Mkataba hauna polisi wala faini. Kamati inayosimamia utekelezaji wake imeelekezwa kuzisaidia nchi, si kuziadhibu. Nchi inaweza hata kujitoa, kama Marekani ilivyofanya mwaka 2020 kabla ya kurejea mwaka 2021, na kisha kuanza tena hatua za kujitoa Januari 2025.

Wapo wanaoona udhaifu huo kuwa sababu ya kuupuuza mkataba wenyewe. Hata hivyo, tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya ushauri yaliyoombwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa juhudi zilizoongozwa na nchi ya visiwa ya Vanuatu, ilieleza kuwa nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda mfumo wa tabianchi, na kwamba kukiuka wajibu huo kunaweza kuleta uwajibikaji kwa nchi husika. Maoni ya ushauri hayana nguvu ya hukumu, lakini yanaipa nchi ndogo hoja nzito zaidi mezani. Vanuatu ni visiwa vyenye watu wachache kuliko mikoa mingi ya Tanzania. Iliweza kuifikisha hoja hiyo mahakamani kwa sababu katika mfumo wa mikataba kila nchi ina kiti na sauti.

Fedha: kati ya ahadi na mradi

Eneo ambalo ahadi na utekelezaji zimeachana zaidi ni fedha. Mwaka 2009 nchi zilizoendelea ziliahidi kukusanya Dola za Marekani bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, kiwango hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, miaka miwili baada ya muda uliowekwa. Katika mkutano wa Baku, Azerbaijan, Novemba 2024, lengo jipya la angalau Dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 lilipitishwa. Nchi nyingi zinazoendelea zilisema wazi kuwa kiwango hicho ni kidogo mno kulingana na mahitaji.

Fedha zinazopatikana hazigawiwi kwa nchi kama mgawo wa kawaida. Hupitia mifuko, na kila mfuko una masharti yake. Nchi au taasisi hupaswa kwanza kupata ithibati inayoonesha kuwa inaweza kusimamia fedha hizo kwa uadilifu, kisha kuandaa andiko la mradi lenye takwimu, kisha kusubiri idhini. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilipata ithibati ya Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2017. Benki ya CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019, na mwaka 2021 mfuko huo uliidhinisha Dola milioni 100 kupitia benki hiyo kwa ajili ya mikopo na teknolojia za kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi.

Mfuko huo huo wa Kijani uliidhinisha mwaka 2017 mchango wake katika mradi wa kutoa maji Ziwa Victoria kuyapeleka katika wilaya za Mkoa wa Simiyu, eneo linalofahamika kwa ukame, kwa ushirikiano na Serikali za Tanzania na Ujerumani. Kati ya idhini hiyo na kuanza kwa ujenzi ilipita miaka kadhaa ya usanifu, makubaliano ya fedha na zabuni. Mkazi wa Dar es Salaam anayepita Barabara ya Barack Obama naye huuona mkataba bila kuutambua: ukuta unaozuia mawimbi kula ukingo wa barabara hiyo ulijengwa katika mpango wa kulinda pwani uliosaidiwa na mifuko iliyoanzishwa chini ya mikataba ya tabianchi.

Mifano hii inaonesha kuwa kuridhia mkataba hufungua mlango tu. Nchi isiyo na takwimu sahihi na maandiko ya miradi yaliyokamilika inaweza kuwa mwanachama kamili kwa miaka mingi bila kunufaika.

Katesh na mfuko wa hasara na uharibifu

Hapo ndipo linapopatikana jibu la swali la Katesh. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa kwa mara ya kwanza katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, baada ya nchi zinazoendelea kuudai kwa takribani miongo mitatu. Uamuzi wa Dubai uliupa kanuni za kufanyia kazi. Bado ulihitaji bodi, mwenyeji, mtendaji mkuu, na zaidi ya yote fedha: ahadi za mwanzo zilikuwa takribani Dola milioni 700 kwa nchi zote zinazoendelea. Ilikuwa mwaka 2025 ndipo bodi ilipoidhinisha utaratibu wa awamu ya kwanza wenye Dola milioni 250, huku angalau nusu yake ikitengwa kwa ajili ya nchi zenye maendeleo duni na visiwa vidogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni.

Lipo pia suala gumu la ushahidi. Wataalamu wa jiolojia wa Serikali walieleza kuwa sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua kubwa, ikashindwa kuhimili uzito na kumeguka. Mvua za msimu ule ziliambatana na El Niño. Sayansi haiwezi kulihusisha kila janga na sababu moja, na kutenganisha mchango wa mabadiliko ya tabianchi, hali ya asili ya mlima na mahali watu walipojenga ni kazi inayohitaji kumbukumbu za hali ya hewa na ramani za maeneo hatarishi zilizotunzwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana kituo cha kupima mvua wilayani na taarifa ya maafa inayoandikwa na ofisi ya kata ni sehemu ya mkataba wa kimataifa, ingawa haionekani hivyo.

Katika siku zile, waliowasaidia wananchi wa Hanang ni Serikali yao, vyombo vya ulinzi na usalama, wadau na Watanzania wenzao. Fedha za kimataifa hazikuwa tayari. Hali hiyo inakumbusha kuwa mfuko wa dunia hauwezi kuchukua nafasi ya mifumo ya taifa ya tahadhari ya mapema na maafa. Unaweza tu kuiongezea nguvu.

Kaboni ya msitu na jiko la nyumbani

Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris inaruhusu nchi kushirikiana kwa kuuziana upunguzaji wa gesijoto. Hii ndiyo inayojulikana nchini kama biashara ya kaboni. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinavyohifadhi misitu vimekuwa vikipata mapato ya kaboni na kuyatumia katika huduma za jamii zikiwemo elimu na afya. Serikali ilitunga kanuni za biashara hiyo mwaka 2022, na kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Kanuni hizo zina sababu. Gunia moja la mahindi haliwezi kuuzwa kwa wanunuzi wawili, wala mkulima hawezi kuliuza kisha akalihesabu kuwa bado limo ghalani mwake. Vivyo hivyo, tani ya kaboni ikiuzwa kwa nchi nyingine ili itimize mchango wake chini ya Ibara ya 6, Tanzania haiwezi kuihesabu katika mchango wake yenyewe. Bila usajili na uhakiki, kijiji kinaweza kusaini mkataba wa miaka mingi kisichouelewa, na taifa likajikuta limeuza sehemu ya ahadi yake.

Mfano mwingine ni nishati ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kupungua kwa matumizi ya kuni na mkaa hulinda misitu na kupunguza gesijoto, na kwa wakati huo huo humwondolea mama moshi jikoni. Ni mahali ambapo takwimu inayopelekwa katika mkutano wa kimataifa na afya ya kaya moja hukutana.

Maswali matatu ya mwananchi

Kila mwaka mkutano wa nchi wanachama hufanyika na taarifa nyingi hutolewa. Mwananchi anayefuatilia anaweza kuzipima kwa maswali matatu. La kwanza: kilichotangazwa ni nia, ni uamuzi, au ni fedha iliyokwisha kuidhinishwa? La pili: ni taasisi gani nchini iliyopewa jukumu la kutekeleza, na ndani ya muda gani? La tatu: matokeo yatapimwa kwa kipimo gani, na taarifa yake itatolewa lini?

Maswali hayo hayahitaji utaalamu wa sheria za kimataifa. Yanaweza kuulizwa katika mkutano wa kijiji, katika baraza la madiwani na bungeni, kwa kuwa ridhaa ya mkataba ilitolewa kwa niaba ya wananchi. Mkataba wa Paris umejengwa juu ya dhana kwamba kila nchi itasema hadharani inachokusudia kufanya na kisha itaonesha ilichofanya. Nchi tajiri zinapaswa kuulizwa hivyo kuhusu fedha zilizoahidi na gesijoto zinazozalisha. Tanzania nayo, kwa kuwa imo miongoni mwa waliotoa ahadi, inapaswa kuwa tayari na hesabu zake, ili siku mlima mwingine utakapotikisika, andiko, takwimu na taasisi ziwe zimekwisha kuandaliwa.